Malisho Si Nyasi Tu: Barua kwa Mwanangu

Shinyanga

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi hatujambo, mvua zimeanza vizuri mwaka huu, na mtamba mweupe uliyemwacha akiwa ndama amezaa jike juzi alfajiri.

Rasimu ya kijitabu chako cha wafugaji nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza kwa furaha ya mzazi, na mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu mkononi, maana miaka 32 ya kufundisha Kiingereza haimtoki mtu kwa sababu amestaafu. Kazi ni nzuri. Lakini kila penye neno "pasture" katika maandishi ya Kiingereza, wewe umeandika "eneo la nyasi", kisha pembeni ukaniuliza kama neno "malisho" halijachakaa na kama halinuki kanisa mno kwa kijitabu cha kitaalamu. Uliomba jibu la mstari mmoja. Nimejaribu kuliandika likanishinda, kwa kuwa neno hilo nimeishi nalo tangu nikichunga ndama za babu yako, na kulifupisha ningeona nimekudhulumu.

Tuanze na Kilatini, maana ndiko lilikotoka. Warumi walikuwa na kitenzi "pascere", yaani kulisha, na humo wakapata "pastura", ambalo kwanza lilikuwa jina la tendo lenyewe, ule ulishaji wa wanyama, kabla halijawa jina la mahali. Kifaransa cha kale kikalirithi, na Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka England mwaka 1066 wakavuka bahari na maneno yao, hata ilipofika karibu na mwaka 1300 neno hilo limekwisha kuingia katika maandishi ya Kiingereza. Waingereza walikuwa na neno lao la tangu zamani, "læs", ambalo leo limebaki katika majina ya mahali tu, kama Leasowe kule pwani ya Wirral, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool. Ukipita huko siku moja, ujue unapita juu ya neno lililosukumwa kando na mgeni.

Sasa angalia letu. Tuna "kula", tukapata "kulisha", na katika "kulisha" tukapata "malisho". Ni njia ileile waliyopita Warumi, na hakuna aliyemwiga mwenzake. Watu wawili walioishi mbali, kila mmoja na mifugo yake, walipotafuta jina la mahali pale ng'ombe anaposhinda kutwa, wote hawakulitoa katika rangi ya majani wala katika ukubwa wa uwanda. Walilitoa katika kinywa cha mnyama na katika mkono wa yule anayempeleka. Neno "nyasi" linataja mmea. Neno "malisho" ndani yake lina anayelishwa, anayelisha na kinacholiwa, na ukiondoa mmoja kati ya hao watatu neno linabaki ganda. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kalamu yangu nyekundu.

Lakini ukoo wa "pasture" ni mkubwa kuliko hapo, na sehemu hii ndiyo iliyokuwa ikinipa raha kuliko zote darasani. Mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm alieleza kwa utaratibu jambo ambalo wengine walikuwa wameanza kuliona: penye sauti "p" mwanzoni mwa neno la Kilatini, Kiingereza na ndugu zake wa Kijerumani mara nyingi wana "f". Baba kwa Kilatini ni "pater", kwa Kiingereza "father". Mguu ni "pes", na Kiingereza "foot". Samaki ni "piscis", na Kiingereza "fish". Wanafunzi wangu nilikuwa nawaacha waendelee wenyewe: ikiwa "pascere" ni kulisha, katika Kiingereza tutafute neno gani linaloanza na "f"? Kila mwaka alipatikana mmoja wa kunyoosha mkono na kusema "food", na mwingine nyuma yake "feed", na mtoto wa mfugaji angeongeza "fodder", yaani chakula cha mifugo. Wote walikuwa sahihi. Maneno hayo na "pasture" yametoka katika shina moja la kale sana, ambalo wanaisimu wanaeleza kuwa lilibeba maana mbili pamoja, ya kulinda na ya kulisha. Kwa hiyo Wanormani walipolileta "pasture", walimletea Mwingereza binamu wa maneno aliyokuwa nayo tayari jikoni na zizini.

Katika ukoo huohuo yumo "foster", mtoto wa kulelewa katika nyumba isiyo ya wazazi wake, na maana ya asili ya neno hilo ni chakula: mlezi ni yule aliyekulisha. Wataalamu wanaliweka humo pia neno la Kilatini la mkate, "panis", na kutoka kwake likaja neno la mtu mnayekula mkate pamoja, halafu likaja "company", nasi tukalichukua tukasema "kampuni". Fikiria mwanangu, kibao kilichoandikwa kampuni pale stendi ya mabasi kina undugu wa mbali na uwanda anaolala ng'ombe akicheua.

Umeniambia neno "malisho" linanuka kanisa. Ni kweli, na harufu hiyo haikuanza kwetu. Mchungaji wa wanyama kwa Kilatini ni "pastor", yaani mlishaji, na Wakristo wa mwanzo wakampa jina hilo kiongozi wa waumini, ndipo Kiingereza kikapata "pastor" wa kanisani na sisi tukawa na "mchungaji", ingawa vijana wa siku hizi, na ndugu zetu wa Kongo pia, husema "pasta". Fungua Injili ya Yohana, sura ya 21, pale Yesu anapomkabidhi Petro kundi. Katika Biblia yetu ya Kiswahili anamwambia mara tatu: lisha, kisha chunga, kisha lisha. Kigiriki cha asili nacho kina vitenzi viwili tofauti. Kilatini kina kimoja tu, "pasce", mara zote tatu. Mrumi hakuhitaji cha pili, kwa kuwa kwake kuchunga na kulisha vilikuwa tendo moja. Kiswahili tumevitenga, na nadhani tumefanya vyema, kwa maana mtu aweza kuchunga bila kulisha: aweza kusimama na fimbo yake kutwa, asipotee hata mbuzi mmoja, na jioni wakarudi matumbo yamebonyea. Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, aliwakemea wachungaji wa namna hiyo, waliojilisha wenyewe, na hakuwaacha hata wanyama wenye nguvu, wale wanaokula malisho mazuri kisha wakayakanyaga kwa miguu yaliyobaki ili wenzao wasipate. Mtu aliyeandika hayo alikuwa amelitazama kundi kwa karibu. Nimeshuhudia maksai akifanya hivyohivyo.

Nikiwa hapo niseme haraka maneno mawili yasikupoteze. Pasta ya kuliwa, ile ndugu ya tambi, haimo katika ukoo huu. Imetoka katika neno la Kigiriki la chakula cha rojorojo. Wala Pasaka haimo, maana hiyo ni ya Kiebrania. Lakini Louis Pasteur, ambaye jina lake linasomeka katika kila pakiti ya maziwa yaliyochemshwa kwa njia aliyoivumbua, yumo kabisa: jina la ukoo wake ni neno la Kifaransa lenye maana ya mchungaji. Alianza kazi hiyo kwa ajili ya mvinyo, lakini mimi hufurahi kwamba iliishia katika maziwa.

Sasa nije kwenye sheria, kwa kuwa hapa ndipo utakapoona kwamba sizungumzii historia ya maneno peke yake. Kule uliko, kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Hampshire, kuna msitu uitwao New Forest ambao mfalme William Mnormani aliutenga mwaka 1079 uwe wa kuwindia. Ndani yake hadi leo wamo watu wenye haki iitwayo "common of pasture". Ardhi si yao. Haki yao inaambatana na nyumba au shamba wanaloishi, na inawaruhusu kuachia farasi wao wadogo, ng'ombe na punda wakatembee na kula katika ardhi ya mwingine. Na mahakama ya kale ya msitu huo bado inakaa katika mji wa Lyndhurst kusikiliza mambo yao. Wanasheria wa Kiingereza wana namna ya kuieleza haki hiyo ambayo sijaisahau tangu nilipoisoma: ni haki ya kuchukua majani kwa vinywa vya wanyama. Mwenye haki hiyo hawezi kwenda na mundu akakata majani, akayatia guniani na kuyauza sokoni, kwa sababu hakupewa majani. Amepewa malisho, na malisho hayapo mpaka pawe na mdomo wa ng'ombe.

Vivyo hivyo Waingereza hutofautisha "pasture" na "meadow". Hilo la pili ni ndugu wa neno lao la kufyeka, na ni uwanda unaofungwa wanyama wasiingie mpaka majani yakatwe na kukaushwa kwa ajili ya majira ya baridi. Mashamba mawili yanaweza kupakana, udongo mmoja, mvua moja, majani yaleyale, na bado yakawa na majina tofauti kwa sababu moja huliwa na wanyama na jingine hufyekwa na watu. Mwalimu wako alipokusahihisha kuhusu jambo hilo hakuwa anakuonea, ingawa ninakubali kwamba angeweza kukueleza sababu.

Haki hizo zamani zilikuwa zimeenea karibu kila kijiji. Mjane mwenye ng'ombe mmoja alimpeleka kwenye uwanda wa wote, akapata maziwa, na kinyesi cha kurutubisha bustani yake. Halafu ukaja wakati wa kuzungushia ua. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za namna hiyo, zilizogusa ekari zipatazo milioni 6.8, yaani zaidi kidogo ya sehemu moja ya tano ya England nzima. Ardhi ikagawiwa ikawa ya watu binafsi. Wako waliopata kipande kama fidia, na wako ambao kipande chao kilikuwa kidogo hata hakikutosha kumshibisha ng'ombe, wakakiuza. Ungekwenda siku ya pili baada ya ua kusimama, ungezikuta nyasi palepale, zikiwa na urefu uleule na umande uleule. Kilichotoweka kwa yule mjane ni malisho. Kama angekuwepo mtu wa kumwandikia kijitabu chenye maneno "eneo la nyasi", kingemwambia kwamba hakuna kilichobadilika.

Nina neno jingine la ukoo huu, na hili nalijua kwa mikono yangu. Waingereza husema "pester" wakiwa na maana ya kumbughudhi mtu, kumsumbua asipate nafasi. Asili yake ni kitenzi cha Kifaransa cha kumfunga mnyama kamba miguuni ili ale bila kwenda mbali, na kamba hiyo yenyewe Walatini wa baadaye waliiita kwa jina lililotokana na malisho. Mahali inapofungwa, ile sehemu nyembamba ya mguu wa farasi kati ya kifundo na kwato, pakaitwa "pastern". Samuel Johnson, katika kamusi yake kubwa ya mwaka 1755, aliandika kwamba neno hilo ni goti la farasi. Mama mmoja alipomuuliza ilikuwaje akakosea hivyo, akajibu kwamba ni kutojua, mama, kutojua kutupu. Nilimheshimu zaidi kwa jibu hilo kuliko kwa kurasa nyingi za kamusi yake.

Mimi nilipajua mahali hapo kabla sijajua jina lake. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Babu yako alikuwa na mbuzi jike mwekundu aliyekuwa ananyonyesha mapacha, akanipa niende naye karibu na lambo, nimfunge kwa kamba ya katani na kumhamisha kila jua linaposogea. Nilipigilia kigingi, nikamfunga mguu wa mbele, nikaenda kuogelea na wenzangu. Niliporudi alasiri kamba ilikuwa imejizungusha kwenye kichaka mpaka imebaki fupi kama mkono wangu. Mbuzi amesimama. Juu ya kwato kamba ilikuwa imekula ngozi, kidonda chekundu chote kama bangili. Pale kamba ilipofika alikuwa ameguguna mpaka udongo. Hatua mbili mbele, nyasi zilikuwa zinanifika magotini. Babu yako alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, hakunipiga wala hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba mbuzi yule hatatoka nje mpaka apone, na kwa siku tisa nilimkatia majani alfajiri kabla ya shule na jioni baada ya shule, nikayashika mkononi akala, huku mapacha wakinisukuma miguuni. Tangu hapo sijaweza kuziangalia nyasi zilizostawi nikaamini kwa macho tu kwamba kuna mnyama anayeshiba.

Kwa hiyo turudi kwenye kijitabu chako. Ukurasa wa pili umeandika kwamba mfugaji "akague eneo la nyasi mwishoni mwa kiangazi." Mfugaji wa huku atakuelewa, lakini hatakuona kuwa mwenzake. Sisi tunajua kwamba "nyasi zimekauka" na "malisho yamekwisha" ni habari mbili tofauti kabisa. Katika ngitili ya babu yako, ile sehemu tuliyokuwa tukiifunga tangu mvua zianze, ng'ombe hawaingii hata mmoja, nyasi zilikuwa zimekauka zote ifikapo Septemba, za rangi ya simba, zinavunjika ukizishika. Hayo ndiyo yalikuwa malisho. Tulifungua mlango wakala wakaishi mpaka mvua. Na upande mwingine umeona mwenyewe bonde la kijani kibichi lililojaa magugu ambayo ng'ombe anayapita kama mawe. Hapo pana ukijani, malisho hakuna. Mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986, ulipofanikiwa kuirudishia nchi yetu miti na majani, ulifanikiwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ulizifufua ngitili, yaani uliwauliza wafugaji kuhusu malisho kwa maneno yao wenyewe.

Ushauri wangu ni huu. Unapopima kinachoota, aina ya mmea, urefu wake, uzito wake ukikaushwa, andika "nyasi" au "majani", na utakuwa umesema kweli. Pale mnyama na mwenyewe wanapokutana na hicho kinachoota, andika "malisho", bila woga wa kuonekana mtu wa zamani.

Lipo na jambo la ukurasa wa kwanza. "Pastoralist" umemwita "mfugaji wa kuhamahama", nami najua kwamba ndivyo hati nyingi zinavyosema, hata za ofisini. Lakini lichunguze neno la Kiingereza lenyewe, na sasa unao uwezo wa kulichunguza: halina kuhama popote. Linasema mtu wa malisho, basi. Kuhamahama tumeongeza sisi, kana kwamba mtu huyo ameshikwa na ugonjwa wa miguu, ilhali anasogea kwa sababu ileile iliyonipasa mimi kuhamisha kigingi. Ningeandika "mfugaji wa malisho ya asili", na pale unapohitaji kueleza mwendo wake, eleza anatoka wapi, anakwenda wapi, mwezi gani na anafuata nini.

Kurasa zilizobaki nimesahihisha koma tu, na nimekutumia kwa mkono wa binamu yako anayesafiri wiki ijayo. Mama yako ameweka humo mlenda mkavu na anakuomba umweleze kama ulifika salama na haukupondeka. Siku utakapokwenda New Forest, nakuomba umtafute mmoja wa wale wenye haki ya malisho, umuulize hao farasi wanapokamatwa kwa ajili ya matibabu hufungwa kamba wapi, na kamba hiyo wenyewe wanaiitaje. Uniandikie jina lake kama wanavyolitamka.

Akupendaye,
Baba yako